Pimeni Maji Yakipwa

Mgeni hakanyagi tope Mtundani. Hilo halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kutozwa faini kwa kulivunja, maana hakuna aliyewahi kulivunja. Kisiwa kile cha delta ya Rufiji kimezungukwa na mikoko na vijito. Maji yakijaa, boti hufika karibu na ukuta wa shule. Maji yakipwa, hubaki tope jeusi la kumzamisha mtu hadi mapajani. Basi mgeni huletwa na maji na huondoka na maji. Atakula, atapumzika, atafungiwa kaa wachache wa kwenda nao nyumbani, kisha nahodha atakohoa mlangoni na mwenyeji atasema, "Wageni wetu, maji yanakwenda," na wote watainuka. Wenyeji watabaki na tope lao.

Adabu hiyo nzuri ndiyo iliyokuwa inakiponza kisiwa, na Mwanaheri alichelewa sana kuliona.

Mwanaheri alizaliwa hapo, akasoma sekondari Kibiti, akaenda kuwa mhandisi wa mitandao Dar es Salaam. Sasa alikuwa mjumbe wa kamati iliyokuwa ikiandika kiwango kipya cha mtandao wa kasi kwa vijiji, akiwawakilisha watumiaji. Kiwango, kwa asiyeijua kazi hiyo, ni yale makubaliano yanayoufanya mtambo wa kampuni hii uelewane na mtambo wa kampuni ile, na yanayosema mtandao ukiitwa wa kasi uwe na kasi gani na upimwe vipi. Ni kazi ya makalio. Watu wazima hubishana asubuhi nzima juu ya neno moja, wakanywa chai, wakarudi kubishana juu ya neno hilohilo. Mwanaheri aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kampuni zilikuwa na haraka. Mitambo mipya ilikwisha kuingia nchini, imerundikwa maghalani, inangoja kiwango kipite ndipo ifungwe nchi nzima. Mtundani ndipo palipochaguliwa pa majaribio: mnara mmoja bara, mwingine kisiwani, katikati maji na mikoko. Mtambo wa zamani wa mwendo wa kobe uling'olewa, ukafungwa mpya, watu wakapigwa picha wakicheka.

Na ulikwenda kasi, nani abishe. Ila kasi ina maringo yake. Mawimbi ya redio hayaendi yote moja kwa moja kutoka mnara hadi mnara. Mengine hupiga juu ya maji, yakaruka, yakafika yamechelewa. Mtambo wa zamani ulikuwa mvumilivu, ulipokea yote bila kununa. Huu mpya, maji yakishuka hadi kina fulani, mawimbi yaliyochelewa yaliyakuta yaliyowahi yakavurugana, na mtandao ukafa. Siku za maji mafu, bahari inapocheza kidogo tu, haukusumbua. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ulikufa kila maji yalipotoka na kufufuka yaliporudi.

Aliyeumia zaidi ni Sabra, muuguzi wa zahanati ya kisiwa na mdogo wake Mwanaheri wa tumbo moja. Alikuwa amepewa mashine ya kumpima mama mjamzito huku daktari wa Kibiti akitazama kwenye skrini. Mara tatu alibaki na sura ya daktari iliyoganda, mdomo wazi, mkono hewani, na mama kitandani anauliza, "Amesema nini?"

Mwanaheri alilipeleka jambo hilo kwenye kamati, na michoro yake. Kamati ikatuma wapimaji. Wakakuta kasi kamili. Ikatuma tena, wakakuta kasi kamili. Nurdini, mhandisi wa kampuni yenye mnara, kijana mpole asiye na baya, akasema labda ni betri za jua, labda watu wanachezea nyaya. Mwanaheri alirudi nyumbani ameinama, akamweleza mdogo wake, na Sabra akacheka hadi akashika ukuta.

"Sasa dada, hao wapimaji wenu huja lini? Si huja na maji yamejaa? Kondo nahodha atawaleta wageni kwenye tope? Mnapima mtandao saa ambayo hauumwi."

Mwanaheri hakucheka. Mara zote mbili, aliyempigia simu nahodha kumwambia awahi maji, wageni wasichafuke, alikuwa yeye mwenyewe. Alijikasirikia kweli, kisha hasira ile akaipa kazi.

Kifungu cha kumi na nne cha rasimu kilisema mtandao upimwe mahali penyewe kwa nusu saa, basi. Yeye alitaka kiongezwe kwamba palipo na maji yanayojaa na kupwa, lazima upimwe maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, siku za bamvua. Kamati ile haikupitisha kifungu mtu akiwa amesimama na pingamizi, na Mwanaheri alisimama nalo miezi. Alijua kinachofuata kiwango kikipita vilevile. Mtundani na visiwa vyote vya delta vingepakwa kijani kwenye ramani, vimefikiwa, na fedha ya mtandao ingekwenda kwingine. Hakuna anayerudi kutengeneza kitu chenye cheti kwamba ni kizima.

Mwishowe mwenyekiti wa kamati, Dakta Ismaily, alichoka. Akasema kamati nzima itakwenda Mtundani, itapima mbele ya wananchi, itasikiliza maoni, na ikikuta kasi kamili Mwanaheri ataondoa pingamizi lake papo hapo. Mwanaheri akakubali, na siku akaichagua yeye, siku ya bamvua.

Alitangulia. Jioni ya kuamkia kikao alimwendea Abdulhalim, mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa marehemu baba yake, akamkuta anasuka wavu wa kuzuia ndege kwenye mpunga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Wageni wako wanakuja?"

"Wanakuja na maji ya asubuhi. Nataka maji yawaache."

Mzee aliuweka wavu chini. "Sema tena."

Akasema tena. Akaeleza yote, mawimbi, bamvua, ramani ya kijani. Abdulhalim alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, siye hatukwamishi wageni. Babu yako alimpokea mkoloni aliyekuja kumtoza kodi, akamchinjia kuku, na maji yalipotaka kutoka akamwamsha usingizini aondoke. Mkoloni, nakwambia. Leo nikawatie tope watu waliokuja kwa heri? Waambie kwa mdomo. Una shule."

"Nimewaambia mwaka mzima."

"Waambie tena."

"Kondo atakohoa mlangoni, wewe utawaambia maji yanakwenda, watainuka, na ndiyo imekwisha. Delta yote imekwisha, baba mdogo."

"Nikiulizwa na mgeni wangu habari ya maji, sitamdanganya," alisema Abdulhalim. "Wala usiniombe."

Mwanaheri aliondoka. Alikuwa tayari kugombana na kampuni, na kamati, na Dakta Ismaily na miwani yake miwili. Kugombana na heshima ya nyumbani kwao hakuwa amejiandaa nako.

Asubuhi wageni walifika maji yakiwa bado yamejaa tele, boti ikagusa nyasi za uwanja wa shule, wakashuka na viatu vyao vinang'aa. Wakapewa chai, vitumbua na kaa wa nazi. Darasa likajaa watu. Nurdini akawasha vifaa vyake, akaelekeza skrini ukutani, akapima kwa nusu saa kama kifungu kisemavyo. Kasi kamili. Mshale ulikuwa juu kabisa na haukutikisika, na wajumbe wakapiga makofi. Baadhi ya wanakijiji nao wakapiga, kwa sababu mgeni akipiga makofi haachwi apige peke yake.

Dakta Ismaily alisimama. Alikuwa mtu wa maneno laini, hodari wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwashukuru wananchi kwa ukarimu. Akasema kamati imejiridhisha. Kisha akafungua karatasi ya majibu yaliyoandaliwa tangu Dar es Salaam, akasoma: "Kuhusu pingamizi la mjumbe wetu, hitilafu zilizoripotiwa zimeonekana kutokana na uelewa mdogo wa watumiaji wa kisiwani."

Mwanaheri alimtazama Sabra, akaona mdogo wake ameinamisha uso kwa aibu isiyokuwa yake. Alitamani kuichana ile karatasi. Badala yake alisimama.

"Pingamizi langu lipo palepale, mwenyekiti. Subirini maji yapwe, mpime tena."

"Dada Mwanaheri, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mtapima. Mmepima nusu ya siku. Kisiwa hiki kinaishi siku nzima."

Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma, tabasamu la kumwambia mtoto alale. Mlangoni Kondo, nahodha, akakohoa. Akasema kwa Kindengereko, lugha ambayo hakuna mgeni aliyeijua, kwamba maji yameanza kuiacha mizizi ya mikoko, na wakichelewa kidogo tu boti haitoki. Darasa zima lilisikia. Darasa zima likamgeukia Abdulhalim.

"Vizuri," alisema Dakta Ismaily, akikusanya karatasi. "Nadhani tumemaliza. Mzee wetu, tufungie kikao kwa dua."

Abdulhalim aliinuka taratibu. Akavaa vizuri kofia yake. Mwanaheri alifumba macho, akasubiri kusikia maneno aliyoyajua tangu utotoni: wageni wetu, maji yanakwenda.

"Dua nitaiomba," alisema Abdulhalim. "Lakini kabla ya dua nina swali. Nimesikia hapa kwamba uelewa wetu ni mdogo. Sasa mtu wa uelewa mdogo haondokewi na mwalimu kabla hajaelewa. Nauliza, kanuni zenu zinaruhusu mwananchi kuuliza?"

"Bila shaka, mzee."

"Mpaka aishiwe na maswali?"

Dakta Ismaily alimtazama Mwanaheri, na Mwanaheri alijibu haraka, kwa kuwa kanuni hizo alishiriki kuziandika. "Mpaka aishiwe. Kikao cha maoni hakifungwi mkono ukiwa juu."

"Alhamdulillahi," alisema Abdulhalim. "Basi tuanze kifungu cha kwanza."

Na akaanza. Aliuliza maana ya mtandao. Aliuliza kwa nini kifungu cha pili kimetangulia cha tatu. Alisimulia jinsi barua zilivyokuwa zikija kutoka Utete zamani, nani alizileta, nani alimwoa binti wa aliyezileta, na yule binti alikufaje, Mungu amrehemu, kisha akauliza kama barua ile ingehesabiwa kuwa ya kasi. Alipokaa, mikono ikainuka darasa zima. Mama mmoja alitaka kujua kama mawimbi hupita kwenye uji. Mzee mwingine alikuwa na maoni juu ya kifungu cha tano, akayatoa, akasahau, akayatoa tena. Kondo alikaa kwenye dawati la nyuma, akavuta pumzi ya mtu aliyeamua, na yeye akanyoosha mkono.

Si kwamba walifurahia. Mwanaheri aliwaona watu wazima wakichungulia dirishani na kutazama chini upesi, kama wezi. Jasho lilimtoka Abdulhalim kwenye paji la uso, na darasa lilikuwa na upepo. Hakuna mgeni aliyeuliza habari ya maji, na kwa hilo tu mzee alibaki na heshima yake, ila alibaki nayo kwa shida.

Nurdini ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameacha kifaa chake kinapima, kwa mazoea tu, na mshale ukutani ukaanza kutetemeka. Ukashuka. Ukapanda kidogo, ukashuka tena, ukalala.

Alisimama katikati ya swali la mtu. Akagusa nyaya, akapima betri, akazima, akawasha. Kisha akaenda dirishani na kusimama hapo.

"Mwenyekiti," alisema, "bahari haipo."

Wajumbe wakakimbilia dirishani. Boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, mbali sana na kitu chochote kinachoweza kuitwa maji. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake, na kaa wadogo wanatembea palipokuwa na kina.

Dakta Ismaily aligeuka, na sasa hapakuwa na maneno laini. "Mmetuteka."

"Maji yamekupwa, mwenyekiti," alisema Mwanaheri. "Hupwa kila siku. Hamjawahi kukaa mkaona."

"Ulipanga."

"Nilipanga. Nurdini, kasi ni ngapi?"

Nurdini alikuwa mtu wa kampuni, na mshahara wake ulitoka huko. Alitazama skrini, akatazama viatu vyake. "Sifuri," alisema. "Na betri zimejaa."

Dakta Ismaily alikaa. Alifuta miwani. Alipozungumza tena alikuwa amerudi kwenye ulaini wake, akasema sawa, jambo limeonekana, litawekwa kwenye kiambatisho mwishoni mwa kiwango, kama ushauri kwa kampuni zinazofunga mitambo pwani.

"Ushauri hapana," alisema Mwanaheri. "Ushauri unasomwa na asiyeuhitaji. Nataka lazima, ndani ya kifungu."

"Lazima itachelewesha nchi nzima. Mitambo ibadilishwe, minara iongezwe. Kwa ajili ya tope la Mtundani?"

"Kwa ajili ya tope lote, kuanzia hapa mpaka Tanga."

"Nitapendekeza uondolewe kwenye kamati."

"Pendekeza. Pingamizi litabaki kwenye kumbukumbu."

Mwenyekiti aliinamia mbele, akamwacha Mwanaheri, akasema na watu. "Ndugu wananchi, nataka muelewe vizuri. Mnara huu ni wa majaribio. Kampuni ikiona maneno yamekuwa mengi, inaung'oa kesho. Mtakosa hata hicho cha nusu siku. Ndicho anachowatakia ndugu yenu?"

Hapo Mwanaheri aliogopa. Alikuwa amejiandaa kupoteza kiti chake, kiti kilikuwa chake. Mnara haukuwa wake. Vijana wa kisiwa waliuza kaa kwa simu, watoto walisoma kwa simu, na yeye kesho angerudi Dar es Salaam penye mtandao wa kumwaga.

Sabra alisimama. Hakuwa mzungumzaji wa mikutanoni, na alianza akiwa ametazama meza.

"Mimi ndiye mtumiaji mwenye uelewa mdogo," alisema. "Zamani, kabla ya mtandao huu, mama akianza uchungu na nikaona dalili mbaya, nilikuwa namtia kwenye boti mapema, maji yangalipo. Sikungoja. Sasa nimeambiwa nina daktari kwenye skrini, basi nangoja. Daktari ananiambia tusubiri kidogo tuone. Tunasubiri, skrini inakufa, nikitoka nje boti imelala kama ile. Mwezi uliopita nilikaa na mama wa watu mpaka maji yaliporudi. Yeye alipona. Mtoto hakupona." Akanyanyua uso. "Mtandao wa nusu siku unanidanganya. Bora nisiwe nao, nijue sina. Ung'oeni."

Mwanaheri hakuwa ameambiwa habari ya mtoto yule. Alimtazama mdogo wake na machozi yakamjaa, akayaacha.

Abdulhalim aliinuka na kwenda mbele, mpaka kwenye meza ya wageni. Sasa hakuwa na jasho. "Mwenyekiti, chakula cha mchana kinapikwa, na mtakula mshibe, maana bado ni wageni wetu. Ila kikao bado. Nimesikia kanuni zinasema pingamizi la mwananchi linaandikwa kwa jina lake, na linajibiwa kwa barua, moja moja. Ni kweli?"

Aliyejibu ni Nurdini, polepole. "Ni kweli, mzee."

"Basi andika. Abdulhalim, mkulima wa mpunga. Napinga kifungu cha kumi na nne. Nataka lazima."

Nyuma yake alisimama Sabra. Nyuma ya Sabra akaja Kondo, akinung'unika kwamba na yeye boti yake imelala. Yule mama wa uji akamfuata, na mzee wa kifungu cha tano, na madawati yakaanza kusukumwa pembeni kupisha foleni iliyotoka mlangoni na kuzunguka ukuta wa shule, ambako waliokosa nafasi darasani walikuwa wakisikiliza dirishani tangu asubuhi.

Mwenyekiti alitazama nje. Maji yalikuwa bado yanatoka, na yangechukua muda wao kurudi. Alivuta karatasi tupu, akafungua kalamu, akaandika jina la kwanza, na la pili, na mengine baada ya hayo, bila kuinua kichwa. Ilipofika zamu ya mtu wa mwisho aliuliza kama alivyowauliza wote.

"Jina?"

"Unalijua," alisema Mwanaheri. "Mwanaheri, wa Mtundani. Andika."